Mtandao Usio na Kichwa cha Kukatwa: Mwongozo wa Kujenga Harakati za Mashinani Dhidi ya Utawala wa Kiimla

Kundi letu la kwanza lilikufa jioni moja. Lilikuwa kundi la WhatsApp, watu 230 na ushei, msimamizi mmoja. Alikamatwa Alhamisi kwenye kituo cha matatu, simu iko mkononi na haijafungwa. Kufikia saa mbili usiku kila mtu alikuwa anajiondoa mbio mbio, na kila aliyejiondoa aliacha jina na nambari yake mbele ya macho ya yeyote aliyekuwa ameshika ile simu. Mwenzetu aliachiliwa kesho yake bila kufunguliwa mashtaka. Kundi halikufufuka. Tulichokuwa tukikiita mtandao kilikuwa simu moja tu.

Mwongozo huu ni kwa watu wa mtaani wanaotaka kujenga kitu kinachoweza kupigwa pigo la namna hiyo na kesho yake kikaamka. Ninaandika nikiwa Nairobi, kwa hiyo sheria ninazotaja ni za Kenya. Aliye Goma, Kampala au Mwanza azipime na za kwao. Na nachukulia kwamba harakati zako ni za amani. Sisemi hivyo kwa kujipendekeza. Siku jiwe la kwanza linaporushwa, mama mboga anafunga kibanda, mzee anarudi nyumbani, mwenye mtoto haji tena. Mnabaki vijana wa kiume peke yenu barabarani, na hapo ndipo dola inapotaka kuwakuta.

Hatua ya 1: Tafuta kero, nembo itakuja baadaye

Wengi huanza na jina, nembo na fulana. Anzeni na kinachouma. LUCHA, vuguvugu la vijana wa Kongo, lilizaliwa Goma mwaka 2012, na moja ya kampeni zake zilizojulikana sana ilikuwa ya maji: mji uko ukingoni mwa Ziwa Kivu, mabomba makavu. Huhitaji kumsomea mtu nadharia ya udikteta ndipo aelewe kwa nini anabeba jerikeni ilhali ziwa liko pale. Huku Mathare, kituo cha haki cha mtaa kilipata nguvu kwa kuandika, kifo kwa kifo, orodha ya vijana waliouawa na polisi, kikatoa ripoti yake mwaka 2017. Mitaa mingine ikaona, nayo ikafungua vituo vyake.

Kwa wiki mbili, zungukeni mkiuliza swali moja tu: "Wiki hii umelalamikia nini?" Msiulize watu wanaionaje serikali. Andikeni majibu bila majina. Kero itakayojirudia ndiyo ya kuanzia, hata kama nyinyi mlitamani nyingine.

Kisha fanyeni tendo dogo mnaloweza wenyewe bila kuomba idhini ya mtu. Ninalolipenda ni barua. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu upatikanaji wa taarifa inampa kila raia haki ya kuandikia ofisi ya umma na kuuliza, kwa mfano, pesa za kisima kile zilikwenda wapi, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Mara nyingi haijibu. Si hasara. Mtakuwa mmejua nani kati yenu alifika saa mbili asubuhi kama alivyoahidi, nani alibaki na nakala iliyogongwa muhuri, na nani alikuwa na maneno matupu.

Hatua ya 2: Duara la watu saba

Huu ndio moyo wa kazi yote. Mtandao imara ni maduara madogo, kila moja la watu watano hadi kumi, wanaoenea kwenye nyumba ya chumba kimoja bila mtu kukaa mlangoni. Watu saba wanajuana sauti, wanajua nani ana mtoto mgonjwa, na mmoja asipotokea wanaona pengo lake. Watu mia wanajuana kwa picha za wasifu.

Nani aalikwe? Ukitaka kujua ni nani anayeaminika mtaani, waulize akina mama ni nani hushika pesa za chama chao cha akiba. Usiende kwa mwenye mdomo mkubwa kwanza. Atakuja tu hata bila kualikwa. Tafuta anayejua kuandika, anayejua kunyamaza, mhudumu wa boda anayejua kila kichochoro, na mtu mmoja aliyepita umri wa miaka hamsini anayekumbuka Saba Saba ya 1990, siku ya kudai vyama vingi, na mambo yaliyowapata waliokwenda uwanja wa Kamukunji siku ile. Huyo wa mwisho atawaokoa na nusu ya makosa yenu.

Mgeni msimsaili siasa zake. Mpeni kazi ndogo yenye saa yake: apeleke karatasi hii kwa fulani kabla ya saa kumi. Akiifanya mara tatu, mmepata mtu.

Duara likifika watu kumi na wawili, ligawanyike. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu watu wameshazoeana na wanaona kama talaka. Lakini mgomba hauongezeki kwa kunenepa, huongezeka kwa kutoa machipukizi. Wawili wenye uzoefu waondoke na wapya watatu au wanne, waanze kwenye ploti nyingine au mtaa wa pili. Miaka mitatu baadaye hakuna anayeweza kusema kwa uhakika duara la kwanza lilikuwa lipi, na hiyo ni afya.

Kuhusu siri: msijifiche kama wezi. Kuungana ni haki yenu, Kifungu cha 36 cha Katiba kinasema hivyo, na kwa miaka mingi wananchi wamefanya bunge lao hadharani katika bustani ya Jeevanjee bila kuficha uso. Kinachofichwa ni majina na nambari. Msimamo wenu utangazeni hata sokoni.

Hatua ya 3: Karatasi moja

Kila duara jipya lipokee karatasi moja, si kitabu. Iseme mnadai nini, hamtafanya nini kamwe (hatubebi silaha, hatutukani kabila, hatupokei pesa za mwanasiasa), mnaamuaje, na mtu anaruhusiwaje kuondoka bila ugomvi.

Angalieni Sudan. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Oktoba 2021, kamati za upinzani za mitaa zilishikilia kauli tatu: hakuna mazungumzo na jeshi, hakuna ubia nalo, hakuna kulitambua kuwa halali. Kamati ya mtaa wowote ingeweza kuamua yenyewe asubuhi ile kama mwaliko fulani ni wa kukubali au kukataa. Haikuhitaji kumpigia mtu simu Khartoum. Mipaka ikieleweka, hamhitaji makao makuu.

Hatua ya 4: Kukosa kiongozi si kukosa kazi

Juni 2024, kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, tulijivunia kwamba hatuna kiongozi, hatuna kabila, hatuna chama. Ilikuwa kweli, na ilifanya kazi: serikali haikupata mtu wa kumwita ikulu na kumpa bahasha. Tarehe 26 Juni rais alikataa kutia saini Mswada huo, ambao siku chache kabla ulionekana kama umeshapita. Lakini nitasema lisilopendwa. Baada ya bunge kuvamiwa tarehe 25 hakukuwa na mahali pa kukaa na kuamua: tunarudi barabarani lini, tunadai nini sasa, hawa wahuni wanaovunja maduka tunawatenga vipi? Kila mwenye wafuasi wengi mtandaoni alitangaza tarehe yake. Tume ya kitaifa ya haki za binadamu ilihesabu vifo visivyopungua 60 katika miezi iliyofuata, na wengine wakatekwa mmoja mmoja majumbani mwao, mahali ambapo hapakuwa na jirani aliyejua ampigie nani.

Kwa hiyo gawaneni kazi, na zizunguke. Mwendesha kikao, mwandishi, mtunza hazina, mtu wa dharura, mpokea wageni. Kila kazi ishikwe na wawili, kwa miezi mitatu, kisha mmoja atoke na mwingine abaki amfundishe anayeingia. Mwandishi aandike maamuzi tu. Nani alisema nini hakuna haja.

Katika kuamua, zungukeni kila mtu aseme kabla ya yeyote kurudia. Swali la mwisho lisiwe "nani anakubali?" bali "nani hawezi kabisa kulibeba hili?" Asiyeweza alete pendekezo jingine. Mkikwama vikao viwili, pigeni kura, theluthi mbili zitoshe. Na angalieni saa. Kikao cha saa mbili usiku kimeshawafukuza akina mama kabla hakijaanza. Sisi tulihamia Jumapili saa tisa alasiri, na idadi ya wanawake ikapanda bila hotuba yoyote kuhusu usawa.

Hatua ya 5: Kuunganisha duara na duara

Kila duara lichague wajumbe wawili wa kukutana na wa maduara mengine, mara moja kwa mwezi. Mjumbe hauawi, ndivyo tunavyosema, lakini pia mjumbe haamui. Anabeba neno la duara lake, anasikia ya wengine, anarudi nayo. Pendekezo likizaliwa kwenye baraza la wajumbe, halina nguvu mpaka lirudi kwa watu na likubalike. Ni polepole, na inaudhi. Kamati za Khartoum zilipoandika mkataba wao wa kisiasa mwaka 2022 zilipitia njia hiyo hiyo ndefu ya kusoma, kurekebisha na kurudisha mitaani, na matokeo yake ni kwamba watu wa mitaani waliuita wao.

Wajumbe wabadilishwe. Aliyekaa kwenye baraza mwaka mzima anaanza kuvaa koti. Tena msiwe na orodha moja ya watu wote. Duara lijue majirani wake wawili au watatu, litoshe hapo. Isiyoandikwa haiwezi kunyang'anywa.

Uzuri wa mpango huu ulionekana Kinshasa mwaka 2015. Mwezi Machi Fred Bauma wa LUCHA alikamatwa huko akiwa na wenzake, kwenye uzinduzi wa vuguvugu jipya lililojiita Filimbi (ndiyo, neno letu hili hili). Aliachiliwa Agosti 2016. Muda wote huo LUCHA iliendelea kuandamana, kwa sababu haikuwa na mwenyekiti wa kufungiwa ndani.

Hatua ya 6: Mawasiliano, kukiwa na intaneti na bila intaneti

Kukiwa na intaneti, mambo ni machache. Tumieni Signal, wekeni ujumbe ujifute baada ya siku moja au wiki. Makundi yawe madogo kama maduara yenyewe, na wasimamizi wawe wawili. Funga simu kwa nambari ya siri ndefu, na zima alama ya kidole unapokwenda maandamanoni, maana kidole chako kinaweza kushikwa na kubonyezwa kwa nguvu. Msipige picha za nyuso. Duara moja tunalolijua lilibandika kundi lao jina "Kamati ya Harusi". Mpaka leo kuna shangazi anayeuliza mchango ni shilingi ngapi.

Bila intaneti ndiko kwenye mtihani. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Tanzania ilizima siku ya kura, tarehe 29 Oktoba 2025. Hapa kwetu ilisuasua alasiri ya 25 Juni 2024. Ukisubiri mpaka izimwe ndipo utafute njia, umechelewa.

Somo kubwa liko Sudan tena. Tarehe 3 Juni 2019 wanajeshi waliwashambulia watu waliokuwa wamekita kambi mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum, wakaua wengi, na intaneti ikakatwa kwa zaidi ya mwezi. Tarehe 30 Juni, intaneti ikiwa bado imekatwa, mamia ya maelfu walijaa barabarani katika miji mingi. Walipashana habari kwa ujumbe mfupi wa simu, vikaratasi, na kwa mdomo, nyumba hadi nyumba. Kamati zilikuwa zimejuana miaka kadhaa. Intaneti ilikuwa inawarahisishia tu.

Kwenu fanyeni hivi. Kwanza, kubalianeni sasa hivi mahali na saa ya kudumu: "Intaneti ikizimwa, kila siku saa kumi alasiri, pale pale." Kusiwe na haja ya kutangaza. Pili, tengenezeni mlolongo wa simu za kawaida, kila mtu apige wawili. Mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ndiye mfalme siku hiyo. Mkumbuke tu kwamba kampuni ya simu inajua nani kampigia nani, kwa hiyo ujumbe uwe wa mahali na saa, basi. Tatu, na ndiyo bora kuliko zote, chagueni vituo vya binadamu: kibanda cha mandazi, kinyozi, stendi ya boda. Mahali ambapo watu ishirini hupita kila saa na hakuna anayeshangaa.

Hatua ya 7: Pesa

Michango midogo ya wengi inashinda pesa kubwa za mmoja. Shilingi hamsini kwa mwezi kutoka kwa watu sitini ni elfu tatu, na nauli ya kwenda mahakamani imepatikana. M-Pesa huacha jina na nambari ya kila aliyetuma, basi sehemu ya pesa za dharura ikae taslimu, mikononi mwa wawili wasioishi ploti moja. Hesabu zisomwe kwa sauti kila kikao hata kama ni mia mbili. Mheshimiwa akileta elfu hamsini "za soda", mshukuruni, mrudishieni mbele ya watu.

Hatua ya 8: Siku ya kukamatwa

Panga kama vile ni lazima itokee. Kabla ya kutoka, kila mtu aandike nambari ya wakili na ya mtu wa dharura kwenye mkono kwa kalamu, kwa sababu simu itachukuliwa. Mwenye pumu au dawa za kila siku amwambie mwenzake. Kila mtu awe na pacha: wawili wawili, na jioni kila duara lihesabu pacha zake. Asiyeonekana saa moja usiku anatafutwa saa moja usiku, si kesho.

Ukikamatwa, kumbuka mambo matatu ya Kifungu cha 49: una haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili. Unapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, isipokuwa saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa. Hapo ni siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana ya ule mchezo tunaouita kamata kamata ya Ijumaa: unashikwa Ijumaa jioni, unaonja wikendi nzima, unaiona mahakama Jumatatu. Mkipanga jambo, epukeni Ijumaa.

Walio nje wana kazi kubwa kuliko aliye ndani. Mtu wa dharura anakwenda kituoni, anauliza nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), anaandika jina la afisa na saa. Wa pili anaenda kwa familia, ana kwa ana, si kwa simu. Wa tatu anawajulisha wakili na majirani. Otpor, vuguvugu la wanafunzi wa Serbia lililoanza Oktoba 1998 na kusaidia kumwangusha Slobodan Milošević Oktoba 2000, lilifanya hili kuwa desturi: mmoja akishikwa, umati unakusanyika nje ya kituo cha polisi na kubaki pale, mawakili wakiwa ndani. Kukamatwa kukakosa upweke, na upweke ndio unaovunja watu.

Wakija kwa gari lisilo na nambari au wasiojitambulisha, huo si ukamataji. Pigeni kelele, semeni jina la anayechukuliwa kwa sauti, mmoja aandike saa, rangi ya gari na upande lilikoelekea. Dakika kumi za kwanza ni za majirani. Ndiyo sababu nyingine ya kuanza na kero za majirani.

Hatua ya 9: Tendo lenyewe

Kwa maandamano, sheria ya utulivu wa umma inataka polisi wapewe taarifa siku zisizopungua tatu na zisizozidi kumi na nne kabla. Ni taarifa. Si ombi. Pelekeni barua, igongwe muhuri, wekeni nakala. Kifungu cha 37 ndicho ngao yenu, mradi muende kwa amani na bila silaha.

Lakini si kila tendo ni maandamano. Otpor waliwahi kuweka pipa lenye picha ya Milošević katikati ya barabara ya Knez Mihailova huko Belgrade, na fimbo kando: tia sarafu, lipige pipa. Wenyewe wakajitenga wakitazama. Watu wakapanga foleni. Polisi walipofika hawakuona wa kumkamata, wakalikamata pipa, na picha za askari wakiburuta pipa zikachekesha nchi nzima. Mkifikiria tendo, jiulizeni: je, mama mwenye mtoto mgongoni anaweza kulifanya? Akijaribu kulizima, mtawala ataonekana mjinga?

Hatua ya 10: Shushushu

Atakuwepo. Msianze kuwindana, maana uvumi unaua duara haraka kuliko shushushu mwenyewe. Tazameni tabia: anayeuliza majina asiyoyahitaji, anayesukuma watu kwenye vurugu kila kikao, mwenye pesa ambazo chanzo chake hakieleweki. Asituhumiwe mbele ya watu. Anyimwe tu kazi nyeti, apewe viti vya kupanga. Wa kweli atapanga viti.

Hatua ya 11: Jumapili ya kuzima

Mara moja kwa miezi mitatu, jaribuni kupashana habari bila simu. Mara ya mwisho tulichagua ujumbe usio na madhara: "Leteni ndoo shuleni saa tisa, tunaosha mtaro." Alipewa mtu mmoja, saa tatu asubuhi, simu zote zimezimwa. Tulikuwa maduara sita. Kufikia saa sita mchana matano yalikuwa na habari. Duara moja lilifika na ndoo saa tatu asubuhi ya kesho yake, Jumatatu, likakuta watoto wako darasani, kwa sababu mahali fulani njiani "tisa" ilikuwa imekuwa "tatu" na siku ikapotea. La sita halikupata chochote: njia yao ilikuwa mhudumu wa boda mmoja, na alikuwa amekwenda mazishini kijijini.

Aliyekuwa mwepesi kuliko wote alikuwa mama wa mandazi. Alifunga ujumbe kwenye karatasi aliyowafungia wateja wake wanne, akaendelea kukaanga. Sasa saa inaandikwa kwa tarakimu na siku kwa jina, na duara la sita lina njia mbili, moja kupitia kinyozi. Jaribio lijalo, ujumbe utaanzia kwao.